Nyamvula wa Dziyani

Mama yake Nyamvula alifika Nairobi kwa treni ya mizigo, mwezi wa Juni mwaka wa 1979, akiwa na kuku wawili, chungu kimoja na mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao ya mbambakofi, mzito, na bawaba zake bado zimeshikilia. Mkwewe, Patrobas Mulama, alikuwa gadi wa treni. Ndiye aliyempakia na vitu vyake katika behewa la gadi kule pwani, jambo ambalo sheria za kazi hazikuruhusu, na wakasafiri mpaka Nairobi bila kusemezana zaidi ya maneno matatu. Kwao Patrobas, huko magharibi, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, na behewa la gadi halina chumba cha pili.

Kutoka stesheni mlango ulikuja kwa mkokoteni. Sisi wa Kaloleni tulitoka nje kutazama. Bibi alikuwa mwembamba, amejifunga leso mbili, miguu mitupu, na baridi ya Juni ilikuwa imemkamata mpaka meno yanagongana. Nyamvula alimwamkia, akamwingiza ndani. Kisha akatoka peke yake, akasimama kando ya ule mlango ulioegemezwa ukutani, akajifunika uso kwa leso yake. Sikujua analia nini. Nilidhani ni furaha ya kumwona mama.

Mimi naitwa Waithera, na majirani huniita Mama Thuo kwa jina la mwanangu. Nyumba yetu na ya kina Nyamvula zilitazamana uani kwa miaka ishirini na sita. Mume wangu pia alikuwa mtu wa reli, ndivyo tulivyopata nyumba pale. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine Nyamvula aliniambia mwenyewe, kidogo kidogo, tukifua nguo bombani.

Alizaliwa Dziyani, mwaka wa mvua nyingi, ndiyo maana wakamwita Nyamvula. Dziyani kilikuwa kijiji cha nyuma ya bandari ya Mombasa, upande wa bara, mahali pa minazi, mikorosho na mihogo. Katikati yake palikuwa na ziwa dogo ambalo halikukauka hata kiangazi, na kwa lugha yao ziwa ndilo dziya. Watu wake walikuwa Wakristo wa misheni, hawakuwa na mali lakini hawakulala njaa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na hati. Hati ya ardhi yote ile ilikuwa kwa tajiri mmoja ambaye babu yake aliandikishwa enzi za mkoloni, na hakuna mtu wa Dziyani aliyewahi kumtia machoni. Wao walijua mipaka yao kwa minazi iliyopandwa na babu zao, na kwa makaburi.

Reli ilipita karibu. Treni za mizigo zilisimama kwenye stesheni ndogo kungoja nyingine ipite, na wasichana wa kijiji walikwenda kuwauzia wafanyakazi madafu. Patrobas wakati huo alikuwa kijana mrefu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku ya kwanza alimwita Nyamvula kwa lugha ya kwao magharibi, akamwambia, "Lola." Nyamvula akageuka, kwa sababu hata kwao kulola ni kutazama. Walicheka pale, na mwaka wa 1961 wakaoana kanisani. Patrobas alipomwambia kuwa wanakwenda kuishi Kaloleni, Nairobi, alidhani anataniwa. Kwao pwani pia kuko Kaloleni, na masikioni mwake jina hilo lilikuwa kama mtu anayekwambia nendeni mkatazame.

Maisha yake hapa hayakuwa mabaya. Alikuwa na nyumba ya mawe ya vyumba viwili, jiko nje, watoto watatu. Kila majuma mawili Patrobas aliporudi kutoka pwani alishusha gunia la nazi na ndimu kutoka kwa mama mkwe wake, Mbodze. Nyamvula alilibeba mgongoni mpaka Majengo, kule Pumwani, kwa akina mama Waislamu ambao hawakuona maana ya kupika wali bila tui. Mteja wake mkubwa alikuwa Shamso, mwanamke aliyepika na kuuza chakula karibu na msikiti, na ambaye alimpenda mpaka akamfundisha Khalayi, mtoto wa kwanza wa Nyamvula, kusuka ukili. Nyamvula alitembea barabarani kama mtu anayejua anakotoka. Sisi wengine tulikuwa tumezoea mashamba yetu kuwa mbali na sisi. Lake lilimjia kila majuma mawili, na udongo wake bado umeshika kwenye maganda.

Mwaka wa 1974 wapima ardhi waliingia Dziyani, wakafukia vigingi vya saruji. Mbodze alipanda mihogo ikavizunguka, na baada ya mvua mbili havikuonekana tena. Mwaka wa 1976 ikaja barua ya Kiingereza. Mbodze alimtuma Patrobas: mwambie binti yangu aje anisomee.

Nyamvula alikuwa amefika darasa la nane, msomi wa ukoo mzima. Alishuka pwani akakuta mkutano katika darasa la shule ya misheni. Afisa wa kampuni iliyonunua ardhi kutoka kwa yule tajiri alisimama mbele ya ubao, akaeleza vizuri, bila kupaza sauti. Alisema mizigo ya nchi nzima na ya nchi za jirani itapita Dziyani. Kutakuwa na uwanja wa makontena, ambayo ni masanduku ya chuma makubwa kama nyumba, na barabara ya lami, na njia nne za reli, na mlingoti wa simu wa kusema na Ulaya kama mtu anavyosema na jirani, na mashine za kufanya hesabu peke yake. Watoto wao watafanya kazi humo wakiwa wamevaa tai. Kila atakayekubali atapewa kiwanja juu kilimani, chenye maji ya bomba na hati. Makaburi yatahamishwa kwa heshima, mchungaji akiwapo.

Watu walimtazama Nyamvula. Alisoma ile karatasi mara mbili. Mengi aliyaelewa, mengine alipitia juu juu, kwa sababu hakutaka kuonekana ameshindwa mbele ya watu wa kwao. Alifikiria maji ya bomba. Alifikiria mama yake akiwa na hati yenye jina lake.

Mbodze alimwuliza, "Wewe umesoma. Niweke kidole?"

"Weka, mama," Nyamvula akasema.

Kidole gumba cha mama yake kilikuwa kigumu kwa kazi, wino haukukishika vizuri. Nyamvula akakichukua mkononi mwake, akakigandamiza kwenye karatasi.

Miaka miwili ilipita bila neno, na watu wakaanza kuamini kwamba mambo yamesahaulika. Mwezi wa Oktoba 1978 matingatinga yakaja. Yalianza na ziwa. Lori ishirini zilimwaga kifusi mpaka likajaa, na vyura wakatapakaa njiani siku tatu. Kisha yakafika kwa Mbodze. Kando ya nyumba yake palikuwa na makaburi matatu, la mumewe na ya watoto wake wawili waliokufa wachanga. Alisimama mbele ya mashine, akamwambia dereva kuna watu hapa. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu. Alizima injini, akashuka, akamwambia msimamizi. Msimamizi alitazama karatasi yake, akasema hapana makaburi yaliyoandikwa. Kijana akapanda tena akawasha. Mbodze alipata muda wa kung'oa mlango tu, kwa sababu mlango ule mumewe aliuchonga mwenyewe.

Huko kilimani kiwanja chake kilikuwa nambari 212. Alipofika akakuta mwanamume anachimba msingi, naye ana barua yenye nambari hiyohiyo, iliyopigwa mhuri. Yeye mwenyewe hakuwa na barua. Alikuwa na alama ya kidole chake kwenye karatasi ambayo kampuni iliichukua.

Alikaa miezi minane katika jiko la kanisa. Hakutuma habari. Nyamvula aliona nazi zimekatika, akadhani mama anaumwa, akaandika barua ambazo hazikujibiwa. Patrobas naye kwa miezi hiyo alikuwa amehamishiwa safari za Kisumu. Siku aliyorudishwa njia ya pwani, treni ilipopita Dziyani hakupatambua. Aliniambia kwamba alitoa kichwa dirishani akitafuta minazi, akaona udongo mwekundu mtupu mpaka kwenye maji ya bandari, na mahali fulani katikati mlingoti wa chuma. Treni iliposimama kungoja njia, alishuka akaenda kuuliza kanisani. Ndipo akampakia.

Hivyo ndivyo Mbodze alivyokuja kwetu.

Alipewa chumba cha ndani pamoja na wajukuu. Watoto walimwita Hawe, kama watoto wa kwao wanavyowaita bibi zao. Kwa Patrobas maisha yaligeuka mateso ya kimya. Hakuweza kula mbele ya mama mkwe wake, wala kupita karibu na kitanda chake, na nyumba haikuwa na nafasi ya kukwepana. Alikula nje, kwenye kibaraza chetu, sahani imefunikwa gazeti. Aliomba safari zaidi. Alipokuwa nyumbani alikaa kwenye ukumbi wa mtaa akicheza drafti mpaka jua lizame. Hata hivyo sikumsikia hata siku moja akisema bibi aondoke.

Na Mbodze hakumlaumu binti yake. Nyamvula alingoja alaumiwe, kwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bibi aliuza mihogo ya kukaanga kwenye kona, ule mlango umelazwa juu ya mawe kuwa meza, akijifunza majina ya majirani, akikohoa. Vijana wa mtaa walimwita mathe, naye akawarekebisha kila siku kwamba yeye si mama yao. Jioni moja Nyamvula aliniambia, mikono yake ndani ya povu, "Angenitukana, Mama Thuo. Angenitukana mara moja tu, nikalala."

Alifanya alichoweza. Alikwenda kwenye ofisi mbalimbali za hapa mjini na barua alizoandikiwa na karani wa kanisa. Wakamwambia faili iko Mombasa. Alisafiri Mombasa, wakamwambia faili imepelekwa Nairobi. Mwaka wa pili alikutana na mtu mmoja mwenye huruma ambaye alimkalisha, akamweleza kwamba kwa sheria mama yake hakuwahi kuwa na chochote pale, kwa hiyo hakuna alichonyang'anywa, na kile kiwanja kilikuwa zawadi. Huyo alimwumiza kuliko waliomfukuza.

Nazi zikawa zimekwisha. Nyamvula alipata kibarua katika bohari moja Industrial Area, kushona magunia yaliyotoboka, kwa sindano ile kubwa ya shazia na uzi wa katani. Wanawake thelathini walikaa sakafuni, vumbi la kahawa likiwajaa puani. Mwaka 1984 wakapunguzwa wakabaki kumi. Bohari haikuwa na kosa. Mizigo sasa ilikuja ndani ya makontena, na kontena halishonwi. Tuliyaona yakipita juu ya reli, marefu, ya rangi ya kutu na ya buluu, yakielekea upande wa Embakasi, ambako tulizoea kuokota kuni na ambako sasa palikuwa na bandari ya nchi kavu yenye taa kama za uwanja wa mpira. Patrobas ndiye aliyekuwa kwenye behewa la mwisho, akipunga bendera ya kijani. Yalikuwa yanatoka Dziyani. Hatukulisema hilo mbele ya bibi, lakini nadhani alijua.

Sasa nije kwa Khalayi. Alikuwa msichana mwenye akili, mwenye haraka ya kutoka. Baada ya kidato cha nne Patrobas alimlipia masomo ya mwaka mmoja ya mashine za kutoboa kadi. Siku hizo kompyuta ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, nayo ililishwa kwa kadi ngumu zenye matundu. Msichana alikaa mbele ya mashine yenye vitufe kama taipureta, akasoma karatasi, na kila alichobonyeza kikawa tundu. Mwaka wa 1983 akapata kazi. Alituambia ni Mombasa. Wadogo zake wawili walikuwa shule ya sekondari, na tangu mwezi huo karo yao ikatoka kwake. Hakuna aliyeuliza mengi.

Ni bibi aliyeuliza. Ilikuwa Krismasi, Khalayi amekuja na kitambaa cha kichwa cha kumpa. Tulikuwa uani, nikichambua mchele.

"Mombasa wapi?" bibi akauliza.

Mama yake akainua macho.

"Dziyani, Hawe," Khalayi akasema.

Nilitamani kuondoka lakini nilikuwa na mchele mapajani. Bibi hakukasirika. Alikunja kile kitambaa mara nne, akakiweka.

"Chumba chako cha kazi kiko wapi? Upande wa ziwa au upande wa shule?"

"Hakuna ziwa, Hawe. Hakuna shule."

"Basi nieleze. Ukishuka stesheni."

Khalayi akaeleza kama alivyoweza. Ukishuka stesheni unavuka njia nne za reli. Unapita geti. Mkono wa kushoto kuna makontena, yamepandana matatu matatu. Unakwenda moja kwa moja mpaka mlingoti, na nyuma ya mlingoti kuna jengo jeupe lisilo na madirisha, lenye baridi, kwa sababu mashine haipendi joto. Bibi alifunga macho. Alihesabu hatua kwa vidole kwenye goti lake.

"Kutoka stesheni mpaka mlingoti ni mwendo wa kiasi gani?"

"Kama dakika saba."

"Ni zizi la mbuzi," bibi akasema. "Unakaa kwenye zizi la mbuzi la babu yako Ndoro. Sisi tuko mbele kidogo, upande wa kushoto."

Upande wa kushoto ndiko yaliko makontena. Khalayi alimtazama mama yake, na mama yake akaangalia chini. Tangu siku hiyo, kila Khalayi alipokuja, bibi alimwuliza kama wamechimba chochote upande wa kushoto, naye alijibu hapana.

Mbodze alikufa Julai 1985, kwa kifua. Aliugua siku tisa. Siku ya saba alisema jambo moja tu kuhusu Dziyani, akamwambia binti yake, "Nilaze karibu na baba yako." Alisema hivyo kama mtu anayeomba maji. Nyamvula akaitikia.

Mwili ukapelekwa mochari, na hapo taabu ikaanza. Patrobas alipanda basi kwenda kwao magharibi kuwaomba ndugu zake kipande cha ardhi. Walimsikiliza kwa heshima, wakamlisha, wakamkatalia. Mama mkwe hazikwi kwa mkwewe. Alirudi akasimama mlangoni kwangu, akanieleza mimi kwanza, kwa sababu aliona haya kumweleza mkewe. Nyamvula hakushangaa. Alisema atakwenda Dziyani kuomba, na wakikataa basi angalau wamwonyeshe mifupa ya baba yake iliwekwa wapi, ajue cha kufanya. Aliniomba nimsindikize. Nilikwenda.

Getini tulingoja kwa saa tatu. Palikuwa safi. Hilo ndilo ninalolikumbuka, usafi, lami nyeusi, mistari myeupe, mashine ya kunyanyulia mizigo ikiinua kontena taratibu na kuliweka juu ya jingine bila kelele nyingi. Hapakuwa na mti. Khalayi akatoka kutupokea, amevaa sweta kwa sababu ya baridi ya ndani, uso umemvimba kwa kilio, akatupeleka kwa meneja.

Meneja alikuwa mtu mwungwana. Alitupa pole, akaagiza chai. Alimsikiliza Nyamvula mpaka mwisho. Kisha akafungua ramani kubwa mezani, akatuonyesha kila kitu, mitaro, nyaya, misingi.

"Mama, hapa hapajawahi kuandikwa kaburi," akasema. "Siwezi kukuonyesha kitu ambacho hakipo."

Nyamvula akasema mama yake aliahidiwa, na hata kiwanja hakupewa. Meneja akasema hilo linaweza kuthibitishwa mara moja, siku hizi hakuna haja ya kutafuta mafaili. Alipiga simu, na baada ya muda Khalayi akaingia na bunda la karatasi ndefu zilizounganika, zenye vitundu pembeni. Alizishika kifuani. Meneja alilazimika kumwomba mara mbili aziweke mezani.

Jina lilikuwa pale. Mbodze wa Ndoro. Nambari 212. Amehamishwa, amekabidhiwa.

"Mashine inasema alipewa," meneja akasema, kwa upole. "Kazi hii ya kuingiza orodha za zamani imefanywa vizuri sana. Binti yako mwenyewe ni mmoja wa walioifanya."

Chini ya kila ukurasa palikuwa na herufi za kwanza za majina ya aliyetoboa kadi zake, ili ikipatikana hitilafu ajulikane. Nyamvula alisogeza kidole mpaka chini ya ukurasa ule. K.M. Kisha akamshukuru meneja kwa chai, ambayo hakuinywa, na tukatoka.

Khalayi alitufuata mpaka nje ya geti.

"Mama, nililiona jina," akasema. "Nilimwuliza msimamizi. Akaniambia kazi yangu ni kutoboa kilichoandikwa."

"Lini?"

"Mwezi wangu wa tatu."

Kwa hiyo alijua kabla ya Krismasi ile ya kitambaa. Alijua kila bibi alipomwuliza kuhusu upande wa kushoto. Nyamvula akageuka. Tulitembea kwenda stesheni, na Khalayi akabaki amesimama pale na sweta lake katika jua la Mombasa.

Ndani ya treni ndipo aliponisimulia habari ya kidole gumba na wino, mambo ya mwaka wa 1976, ambayo alikuwa ameyaficha miaka yote hiyo. Sasa nikaelewa alikuwa analia nini siku ile kando ya mlango. Alisema, "Nilitaka kumpiga Khalayi kofi, Mama Thuo. Mkono ulikataa. Ni mkono huu huu." Akaufunika kwa leso.

Tulimzika Mbodze Lang'ata, kwenye makaburi ya mji, Jumatano ya baridi yenye mawingu. Watu wa Kaloleni walijaza malori mawili. Shamso alikuja kutoka Majengo na masufuria ya wali aliopika mwenyewe kwa nazi alizotafuta sokoni, akawalisha watu wote. Patrobas alifanya jambo ambalo kwao lingezungumzwa vizazi. Aliingia kaburini yeye mwenyewe, mkwe, akapokea jeneza la mama mkwe wake kwa mikono yake, kwa sababu hapakuwa na mtoto wa kiume wa kulipokea. Alipotoka magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi la mawe, na hakuyapangusa mpaka nyumbani.

Khalayi alikuja. Alisimama nyuma, upande wa wanaume, mbali na mama yake. Mazishi yalipokwisha alimsogelea mama yake, wakashikana mikono kama watu wasiojuana sana. Kesho yake akarudi kazini. Wadogo zake walikuwa bado shuleni, na hakuna aliyekuwa na neno la kumzuia.

Kwa miaka miwili Nyamvula hakulitaja jina lake. Barua zilipokuja alizisoma Patrobas kwa sauti, naye akaendelea kupika. Kisha mwaka wa 1987 kampuni ikanunua mashine mpya zisizotumia kadi. Wasichana kumi na wanne wakapewa barua siku moja. Khalayi alirudi Kaloleni na sanduku moja, akasimama uani, hajui aingie au asiingie. Nilikuwa pale. Nyamvula alikuwa ameinama kwenye jiko la makaa. Alimwangalia, akanyoosha mgongo kwa shida, maana kushona magunia kulikuwa kumeuharibu.

"Umekula?" akamwuliza.

"Bado."

"Ingia."

Hawakusameheana kwa maneno, au kama walifanya hivyo sikusikia. Walianza kuuza mihogo pamoja kwenye ile kona. Khalayi alitafuta kazi ya ofisi, lakini kila mahali walimwambia alichosomea hakitumiki tena. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Patrobas alistaafu mwaka uliofuata, masikio yamepungua nguvu kwa kelele za reli. Akawa anakaa mlangoni kwake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akila chakula chake mezani, na ilimchukua muda kuzoea.

Mwezi wa Agosti 1989 kulikuwa na hesabu ya watu. Kwetu alitumwa mwalimu kijana, Gordon, mwenye mkoba begani na fomu nyingi. Alikalishwa kwenye kigoda uani, akaandika nyumba hadi nyumba. Alipofika kwa Nyamvula akamwuliza umri, dini, elimu. Kisha akamwuliza alikozaliwa.

"Dziyani," akasema.

Yule mwalimu akainua kalamu. "Dziyani ile ya makontena? Kumbe palikuwa na watu?"

Khalayi aliyekuwa anamenya mihogo akaacha kisu.

"Walikuwapo," Nyamvula akasema. "Andika Dziyani."

Mwalimu akaeleza, kwa adabu, kwamba fomu haina nafasi ya kijiji, ina nafasi ya wilaya tu. Aliandika wilaya. Kisha akauliza nyumba ina vyumba vingapi, na Nyamvula akamwambia viwili.